Kilichonichelewesha Nangina

Malaba, Jumapili alasiri

Akisa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Moding kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu Aluka hajawahi kumwachilia mtu bila kumlisha. Kwa hivyo nina kama saa tatu. Nimefunga karakana, nimenawa mikono kwa mafuta ya taa kisha sabuni, na hata hivyo karatasi ya kwanza niliichafua nikaitupa. Hii ni ya pili. Ukiona alama ya dole gumba pembeni, nisamehe.

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na kupiga simu ukifika, shangazi yako anakuambia hivi sasa, na atayarudia. Mambo ya kazi unayajua. Tangu mwaka juzi, macho yangu yalipoanza kukosa tundu la pini, wewe ndiye unayenifungia magurudumu. Sina la kukufundisha kuhusu kukaza nati.

Ninalotaka kukuambia ni jambo ambalo nimekudanganya kwa miaka kumi na minane.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka nife. Lakini mwezi jana ulirudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi, ukasimama pale mlangoni ukiwa bado na viatu vyako vya kanisani, ukaniambia, "Papa, waliniuliza kwa nini msichana anataka kazi ya kuvuta trela ya kliniki huko kaskazini. Nikawaambia ukweli. Nikasema beringi ya gurudumu ndiyo ilimzuia babangu kufika kwa mamangu kabla hajafa. Nikasema sitaki gurudumu limfanyie mtu mwingine hivyo. Yule mzee aliyekaa katikati akaweka kalamu chini."

Ulikuwa unang'aa. Kisha ukaniuliza, "Papa, mbona hufurahi?"

Nilisema nimefurahi. Nikatoka nje kwenda kuangalia jenereta, na jenereta haikuwa inawaka.

Akisa, wakati ule nilikuwa dereva wa mradi wa macho. Unaikumbuka ile trela, nyeupe, yenye dirisha moja na ngazi ya kukunja iliyopakwa kijani. Ndani kulikuwa na kiti cha mgonjwa, meza, ule ubao wa herufi kubwa na ndogo, na kabati la miwani ambalo Sista Nabwire, muuguzi wetu, alikuwa anatembea na ufunguo wake shingoni. Niliivuta kwa pikapu. Wiki moja Port Victoria, wiki moja Nangina, nyingine Amukura, nyingine kwetu Moding. Watu walipanga foleni tangu asubuhi. Bibi mmoja alivaa miwani, akamtazama mumewe, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" na foleni yote ikacheka mpaka mzee mwenyewe akacheka.

Niliipenda ile kazi, na lazima uelewe hivyo ndiyo uelewe mengine. Kule njiani hakuna aliyeniuliza swali ambalo spana haingeweza kujibu. Nyumbani maswali yalikuwa ya aina nyingine.

Mama yako alianza kukohoa msimu wa kupanda. Nilisema ni moshi wa jikoni. Nilichukua siku mbili za mapumziko nikatoboa ukuta wa jikoni, nikamwekea dirisha la mbao, nikalipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye trela. Nilijivunia sana lile dirisha. Alisimama akaliangalia, akaniambia, "Ni zuri. Asante. Lakini Baba Akisa, mimi nataka unipeleke hospitali."

"Nikirudi safari hii," nikamwambia.

Niliporudi safari hiyo nikamwambia tena vile vile.

Kisha mvua kubwa ikaja. Tukiwa tunatoka Port Victoria tulikuta maji yamefunika barabara. Vijana wa boda boda walikuwa wanavusha watu kwa kusukuma pikipiki, maji magotini. Nilipita polepole. Pikapu ni ndefu kwenda juu, haikupata shida, lakini magurudumu ya trela yalizama kabisa. Unajua maana yake. Habu, kile kitovu cha gurudumu, imetoka kukimbia, ina joto. Ikiingia maji baridi ghafla inayavuta ndani kupitia kwenye mpira wa sili, na grisi inageuka nyeupe kama uji wa maziwa. Siku hiyo hiyo unainua trela kwa jeki, unafungua, unaosha beringi, unakausha, unapaka grisi mpya na kuweka sili mpya. Nilijua. Nilikuwa nayajua hayo kabla wewe hujazaliwa.

Jioni Sista Nabwire aliniuliza, "Magurudumu yako salama na yale maji?"

Nikamwambia, "Nimeangalia. Yako sawa."

Sikuwa nimeyagusa. Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilisema moyoni nitafanya kesho. Wiki tatu nilisema kesho. Gurudumu la kushoto likaanza kulia, sauti ya chini, kama posho mill, mashine ya unga, ikisaga kijiji cha pili. Nikaongeza sauti ya redio. Sista akasema, "Dereva, ni nini hiyo inalia huko nyuma?" Nikasema ni barabara. Zamani kila tulipopumzika nilikuwa nazunguka trela nikigusa habu kwa mgongo wa mkono, moja baada ya nyingine, kusikia kama kuna iliyopata moto kuliko mwenzake. Nikaacha kugusa. Nilijua nitakachokuta.

Jumatatu moja, kilomita chache kabla ya Nangina, nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Nilipotazama kwenye kioo, trela ilikuwa imeinama upande kama mtu mwenye maumivu ya nyonga. Beringi ya ndani ilikuwa imekatika vipande. Gurudumu lililegea likakaa kombo, na laini za breki zikawa zimeliwa na ngoma yake mpaka chuma. Mkulima mmoja alituvuta kwa trekta mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Nikaagiza vipuri Kisumu.

Hapo ndipo hadithi ninayokusimulia siku zote inaishia. Gurudumu liliharibika, vipuri vikachelewa, nikafika mama yako amekwisha. Hivyo ndivyo nilivyokuambia ukiwa na miaka sita, ukiwa na kumi, na siku ile ya kwanza uliponiomba nikufundishe kufungua habu, ukiwa kidato cha pili.

Sasa sikia yaliyobaki.

Jumanne asubuhi Aluka alinipigia. Alisema, "Kaka, wamemlaza Busia. Kuja. Anakuuliza." Nikamwambia gari imeharibika gurudumu.

Sista Nabwire alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela, alisikia yote. Nilipokata simu akaniambia, "Kilichoharibika ni trela. Ifungue kwa pikapu, uende."

Akisa, pikapu ilikuwa nzima. Haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa na mafuta. Kutoka Nangina hadi pale hospitalini ni mwendo wa saa moja, na ukiwa na haraka hata saa haifiki.

Nikamwambia Sista, "Siwezi kuacha mali ya mradi hapa."

"Mali iko na mimi. Kuna mlinzi wa kanisa. Trela yenyewe haina gurudumu, nani ataiiba?"

"Vipuri vitakuja, nani atafunga?"

 Aliinuka kwenye ngazi, akaingia ndani akafunga mlango. Nami nikajiingiza chini ya trela.

Vipuri vilifika Jumatano mchana. Kufikia jioni gurudumu lilikuwa linazunguka vizuri kuliko siku lilipotoka kiwandani. Ningeondoka jioni ile. Badala yake Alhamisi asubuhi nikafungua gurudumu la kulia. Hilo nalo lilikuwa limepita majini, lilihitaji kufunguliwa, na nilishikilia sababu hiyo kwa mikono miwili. Nikaosha, nikapaka grisi, nikakaza huku nikizungusha, nikalegeza kidogo, nikaweka pini. Ilipofika saa tano nilikuwa nimemaliza. Nikaanza kurekebisha breki. Nikavuta waya, nikalegeza, nikavuta tena. Breki hazikuwa na tatizo. Nilipoishiwa na cha kurekebisha nikatafuta ile rangi, nikaanza kupaka mkono wa trela unaoshikana na pikapu. Mke wangu amelazwa, na mimi napaka chuma rangi ya kijani.

Alhamisi jioni Aluka alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anauliza umefika wapi."

"Mwambie niko njiani," nikasema. Nilikuwa na brashi mkononi.

Nilisikia akigeuka na kumwambia, "Yuko njiani." Nikasikia sauti ya mama yako, lakini sikushika maneno. Nimejaribu miaka yote kuyashika. Aluka anasema alisema tu, "Sawa."

Niliondoka Ijumaa asubuhi, nikiivuta trela, polepole. Nilisimama kila baada ya kilomita chache nikashuka kugusa habu. Zilikuwa baridi. Nikapanda, nikaenda kidogo, nikashuka tena. Watu waliokuwa barabarani bila shaka walidhani mimi ni dereva makini sana.

Nilifika hospitalini imeshapita saa sita. Mama yako alikuwa amefariki asubuhi.

Ulikuwa umesimama langoni, umejifunga leso ya Aluka iliyokuwa inaburura chini. Nilishuka nikakunyooshea mikono. Hukuja kwangu. Ulipita kando yangu ukaenda moja kwa moja hadi kwenye trela, ukauliza, "Ni gani?"

Sikuelewa. Ukauliza tena, "Gurudumu gani lilikuharibikia?"

Nikakuonyesha la kushoto. Ukalipiga teke. Ukalipiga tena na tena, na viatu vyako vya plastiki, mpaka kimoja kikatoka mguuni. Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kukushika mkono. Ningeweza kusema, acha mwanangu, si hilo. Nilikuachia uendelee kwa sababu wakati unalipiga lile gurudumu hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi.

Kwenye mazishi kila mtu alinishika mkono. "Pole sana mzee, gari ni chuma." "Pole, ungefanyaje?" Sista Nabwire alikuja na kikapu cha mikate. Alinisalimia, akasaidia wanawake kupika, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote alichokijua, wala hakunilaumu. Baada ya hapo sikuweza kumtazama kwenye kioo cha pikapu. Miezi michache baadaye niliacha ile kazi, nikaja Malaba, nikaanza kufungua magurudumu ya malori ya watu wengine yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Uganda.

Utaniuliza kwa nini. Nimekuwa nikijiuliza kabla yako. Nilimpenda mama yako, na hilo usilitilie shaka. Niliogopa kuingia kwenye ile wodi, nione jinsi alivyokonda, nijue kwamba alikuwa anakonda mbele yangu nami nikimjengea dirisha. Niliogopa ataniambia kitu. Kumbe labda asingeniambia chochote, angetaka tu niketi. Nilijua kuketi ndiko nisikokuweza. Chini ya trela nilikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi haulizwi. Sina jibu lingine lililo bora zaidi, na kama ningekuwa nalo ningeogopa kwamba nimelitunga.

Wewe ulikua na lile gurudumu moyoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuona ukiwa kidato cha pili unakaa na beringi kwenye kiganja, unaizungusha karibu na sikio kusikiliza kama kuna mchanga, na walimu wako wananiuliza kama sina mpango wa kukufanya muuguzi au mwalimu. Nilikuona ukigombana na madereva wakubwa kuliko mimi. "Boss, hii haitoki leo. Nenda ukalalamike customs kama unataka." Wakikutukana hukujali. Watu wa hapa wanadhani una roho ngumu. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza, nikala chakula ulichopika.

Mwaka juzi alikuja yule dereva wa Jinja, Kato, unamkumbuka, habu yake imeshika moto mpaka huwezi kusogeza mkono. Ulikuwa umeshafungua gurudumu, lote liko chini vipande vipande, simu yake ikalia. Alizungumza Kiganda, kisha akakaa kwenye tairi. "Dada," akakuambia, "ni baba yangu. Wanasema hatamaliza wiki. Nifungie hivyo hivyo niende."

Ukamwambia, "Hivyo hivyo hutafika hata Tororo."

"Sasa nifanye nini? Siwezi kuacha gari. Ni ya watu."

Nilikuwa karibu, nimeshika chombo cha grisi, na nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikasubiri kusikia utamjibu nini.

Hukufikiri hata kidogo. Ulijifuta mikono kwenye suruali, ukasema, "Gari ni chuma, itangoja. Mimi nitalala ndani yake. Wewe vuka kwa miguu, upande boda, utafute basi. Nenda sasa!" Alipositasita ulimsukuma begani kama unasukuma ng'ombe. Ulilala kwenye lile lori siku mbili ukiwa na spana kubwa kando yako. Kato aliporudi alikuwa na mkungu wa matoke kichwani. Alikuambia alimkuta babake bado anaongea, wakaongea. Wewe ukafurahia matoke, ukampigia kelele kuhusu breki zake.

Nilienda nyuma ya choo cha karakana nikalia, Akisa. Ulikuja kunitafuta nikakuambia ni vumbi.

Ningekuambia siku ile. Nilifungua mdomo wakati wa chakula, na wewe ukasema, "Papa, kama mtu angekukalia ile trela yako, mama angekuona." Nikafunga mdomo. Mtu alikuwepo wa kunikalia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi.

Sasa unaenda kaskazini kuvuta trela ya kliniki, barabara za mchanga na mawe, siku tatu bila mtu wa kuuliza. Najua utaweza. Lakini siwezi kukuacha uende ukiwa umebeba chuki ya kitu ambacho hakikukosa. Beringi ile ilifanya kazi miaka mingi, na mara ya mwisho ililia wiki tatu ikiniomba. Kama unaipenda kazi hii kwa sababu mikono yako inaipenda, nenda nayo, na nimeona mikono yako. Kama umeichagua ili kulipiza kisasi kwa gurudumu, basi ujue leo kwamba aliyechelewa alikuwa mtu, na mtu huyo ndiye anayekuandikia. Ukisikia hayo ukataka kubadilisha mawazo, wewe ni mtu mzima. Ukitaka kuendelea, pia. Sikuandikii ili nikuzuie.

Wala sikuandikii ili unihurumie kwa kubaki peke yangu. Wiki iliyopita ulipoenda kwa rafiki zako nilijaribu kuona itakuwaje. Nilipika ugali, ukawa wa watu wawili. Sijui kipimo cha mmoja. Nilikula nimesimama. Nilizungumza na sufuria, nikaiambia unga umepanda bei, kisha nikaona haya ingawa hakukuwa na mtu. Nitazoea. Jumapili nitaenda kwa Aluka. Malori hayataisha Malaba.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye sanduku lako la vifaa, chini ya spana, uikute ukiwa mbali. Nilishaifungia hata mfuko wa nailoni isipate mafuta. Nilipofika hapa ndipo nikaona ninachofanya. Ningekuwa nimekutafutia tena umbali wa kujificha, nisione uso wako. Kwa hivyo haiendi kwenye sanduku.

Nimesikia pikipiki inageuka pale kwenye kona, na Aluka bila shaka amekufungia kuku. Nitakupa hii mkononi. Usome hapa mezani, taa ipo. Mimi nitaketi kwenye benchi nje ya mlango. Ukitaka kuniuliza lolote, uliza, na nitajibu hata lile nisilolitaka. Ukitaka kunipigia kelele, majirani wavumilie. Ukitaka kunyamaza mpaka basi la asubuhi liondoke, nyamaza, nitakubebea mizigo hadi stendi nikiwa nyuma yako.

Chukua muda wako wote, mwanangu. Nimeketi.

Papa